Kabla ya Nyumba Salama

Mwaka 1971 yalitokea mambo mawili ambayo hayakujuana. Huko Chiswick, magharibi ya jiji la London, Erin Pizzey na wenzake walifungua nyumba ambamo mwanamke aliyepigwa na mumewe aliweza kuingia na wanawe akalala bila hofu. Mwaka huohuo Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Ndoa, na kifungu chake cha 66 kikatamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata kama mila inasema vingine. London walianza na nyumba, sisi tukaanza na sheria. Tangu hapo nyumba salama husimuliwa kana kwamba ni mbegu iliyotoka Ulaya, ikaletwa na wafadhili, ikapandwa katika udongo usioijua. Kwa msimulizi huyo, mwanamke wa Afrika Mashariki hakuwa na pa kukimbilia mpaka mradi ulipofika. Kwa mpinzani wake, hakuhitaji pa kukimbilia mpaka mradi ulipomharibu. Wote wawili wamekosea. Mwanamke wa nchi hizi alikuwa na kimbilio tangu zamani, na kimbilio hilo lilikuwa na nguvu pale tu alipokuwa na haki juu ya nyumba au ardhi. Haki hiyo ilipokosekana, alibaki kubisha hodi kwa wengine, na kila mlango ulikuwa na masharti ya mwenye nao.

Tuanzie mwambao, kwenye nyumba za mawe za Lamu, Pate na Mombasa. Katika familia za waungwana, nyumba hizo zilijengwa kwa ajili ya mabinti. Binti alipofikia umri wa kuolewa, baba alimtengea nyumba, au aliongeza orofa juu ya nyumba ya zamani, na harusi ilifanyika humo. Mume ndiye aliyehama kwao, akaja na vitu vyake kwa mkewe. Ukiingia nyumba ya namna hiyo unapita daka, ukumbi wa mlangoni ambapo wanaume wageni waliishia, kisha kiwanda kisicho na paa, kisha vyumba virefu vilivyofuatana kimoja nyuma ya kingine, mpaka ndani kabisa, palipo pa mwenye nyumba. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, na katika nyumba hizi usemi huo ulikuwa na maana ya kisheria pia: utulivu wa mke haukutegemea mlango wa kutokea, ulitegemea ndani kulikuwa kwa nani. Ndoa ilipovunjika, mwanamume ndiye aliyefunga virago. Sisemi wanawake hao hawakupigwa. Nasema aliyepigwa hakulazimika kwanza kutafuta pa kulala.

Kusini, ng'ambo zote mbili za Ruvuma, Wayao walifikia jambo hilo kwa njia nyingine. Ukoo ulifuata mama, na kijana aliyeoa alikwenda kuishi kijijini kwa mkewe, miongoni mwa mama wadogo, dada na mama zake. Kundi la dada hao liliitwa mbumba, na kaka mkubwa alikuwa mlinzi wao, aliyejibu kwa ajili yao. Mume aliyeinua mkono aliuinua ugenini, mbele ya shemeji zake, na aliyeshindikana alirudishwa kwao. Hapa nako tusipambe mambo. Kaka naye alikuwa mtawala, na dada asiyeelewana na kaka hakuwa na mwingine wa kumwendea. Hata hivyo, kama nyumba ya binti wa Lamu, ardhi aliyolima mwanamke haikuwa ya mumewe, basi ugomvi wa ndoa haukumfukuza shambani.

Sehemu kubwa ya bara haikuwa hivyo. Kwa jamii zilizofuata ukoo wa baba, na hasa za wafugaji, mke alihamia kwa mume na mahari ya ng'ombe ikaenda kwa baba yake. Kimbilio lilikuwepo na lilikuwa na jina: kurudi kwao. Mwanamke aliyezidiwa alibeba mtoto mgongoni akarejea kwa wazazi, na wazee wa pande mbili wakakaa. Mume aliyepatikana na kosa alitozwa mbuzi au pombe ya kuomba radhi kabla ya kumchukua tena mkewe. Ulikuwa utaratibu wenye heshima, na kwa ugomvi mdogo ulitosha. Lakini mara nyingi ng'ombe wa binti walikuwa wameshatumika kumwolea kaka yake. Binti akikataa kurudi kwa mume, ng'ombe walidaiwa, na kuwadai ng'ombe kulikuwa kutikisa ndoa ya kaka. Hivyo baba aliyempokea binti jioni kwa machozi alimsindikiza asubuhi kwa mumewe, si kwa sababu hakumpenda, bali kwa sababu mapenzi yake yalikuwa yameshalipiwa. Na watoto walibaki upande uliotoa ng'ombe, wakawa kamba ya kumrudisha mama yao. Neno vumilia, ambalo kila mke wa nchi hizi amewahi kuambiwa, halikuzaliwa na ukatili wa mama na shangazi. Limezaliwa na hesabu ya mifugo.

Turudi mwambao, ndani ya nyumba zilezile za mawe, maana humo waliishi pia wanawake wasio na kwao. Suria alikuwa mjakazi aliyelala na bwana wake. Ndugu zake walikuwa mbali au hawajulikani, na hakuwa na walii wa kumsemea. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani wa Zanzibar, chini ya shinikizo la Waingereza, alitangaza amri ya kuondoa hali ya utumwa mbele ya sheria. Masuria waliachwa nje. Amri iliwahesabu kama wake wa nyumba, wabaki walipo, isipokuwa anayeomba kutengana kwa sababu ya ukatili, naye akubaliwe endapo ukatili huo utathibitishwa mahakamani. Hebu tulitazame sharti hilo kwa karibu. Mtumwa wa shamba aliweza kuomba uhuru wake kwa kuwa ni mtumwa. Suria alipaswa kuthibitisha kipigo kilichotokea chumbani, mashahidi wake wakiwa watu wa nyumba ya bwana, na usiku ule wa kusubiri hukumu alale mlemle alimopigwa. Sharti hilo halikuondolewa mpaka 1909. Miaka zaidi ya 100 baadaye mwanamke anayekwenda kushtaki mumewe bado anakutana na kivuli cha suria yule: lete ushahidi, kisha rudi nyumbani usubiri.

Isidhaniwe kwamba sheria ya dini ndiyo iliyofunga mlango. Minhaj al-Talibin ya Imamu Nawawi, kitabu ambacho makadhi wa Kishafii wa mwambao walikitegemea, inaeleza kwamba mume na mke wakishutumiana, kadhi amteue mtu mwaminifu anayeijua hali yao ili achunguze, kisha amzuie mwenye kudhulumu. Waamuzi wawili kutoka pande mbili za familia wanakuja baadaye, ugomvi ukizidi. Mpangilio huo wahitaji kuzingatiwa: kumzuia dhalimu kunatangulia, suluhu inafuata. Wanawake wa pwani walilijua hilo na walilitumia. Susan Hirsch alipochunguza mahakama za kadhi za Mombasa na Malindi katika miaka ya 1980, aliona kwamba walalamikaji wengi walikuwa wanawake, na wengi wao walipata walichodai. Kilichopunguka hakikuwa hukumu. Kadhi hakuwa na chumba cha kumlaza mlalamikaji mpaka kesi iishe.

Vyumba walikuwa navyo wamisionari. Mwaka 1875 Chama cha Misheni cha Kanisa la Uingereza kilianzisha makazi ya Frere Town, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Rabai, karibu na hapo, ikajaa watoro waliotoka mashambani mwa pwani, wanaume kwa wanawake, hata Januari 1889 Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ikalazimika kuwalipia mabwana fidia na kutoa hati za uhuru kwa watu wapatao 1,400. Kwa mwanamke asiye na ukoo, misheni ilikuwa mlango wa kwanza ambao mume au bwana hakuweza kuuvuka. Ila mlango huo ulikuwa na kanuni. Mkimbizi alitakiwa kusali, kufanya kazi, kuolewa kwa idhini ya wakubwa wa kituo, na kukaa kwa utiifu. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 zilizuka lawama kubwa kwamba msimamizi wa Frere Town alikuwa akiwapiga viboko watu aliowekwa kuwalinda. Funzo hilo halijachakaa: kumwokoa mtu kwenye fimbo moja hakumpi mwokozi haki ya kushika nyingine.

Wapo wanawake waliokataa milango yote hiyo wakajenga ya kwao. Nairobi ya miaka ya 1920 na 1930, katika vitongoji vya Pangani na Pumwani, sehemu kubwa ya wenye nyumba walikuwa wanawake, na wengi wao walikuwa wamekimbia ndoa, baba au njaa. Walipata fedha kwa kuuza pombe, kwa umalaya, kwa kupangisha vyumba, wakajenga nyumba za udongo na mabati. Wengi walisilimu, na mtafiti Luise White anaonyesha sababu mojawapo: Uislamu uliwapa njia ya kurithisha mali yao nje ya mkono wa ukoo waliouacha. Magharibi ya Ziwa Viktoria, wanawake wa Kihaya walioshindwa ndoa walikwenda Kampala, Nairobi na Mombasa, na waliofanikiwa walirudi na fedha wakanunua vibanja, wakapanda migomba na kahawa juu ya ardhi ambayo hakuna mume aliyeweza kuwatoa. Tunaweza kuhuzunika kwa namna walivyozipata fedha hizo. Hatuwezi kukataa walichokitafuta. Mwenye nyumba wa Pumwani aliyempangisha chumba mwanamke mwingine aliyefika na kifurushi cha kanga alikuwa anaendesha nyumba salama, bila bango wala ripoti.

Nini kiliwapata? Serikali ya kikoloni ilibomoa Pangani mwishoni mwa miaka ya 1930, na nyumba za akina mama hao zikaenda chini. Watawala wa kienyeji, waliopewa nguvu mpya na utawala wa Kiingereza, waliona mwanamke anayesafiri peke yake kuwa ni mali iliyopotea njia, na katika wilaya kadhaa wakadai arudishwe kwa baba au mumewe. Mila, zilizokuwa zikijadiliwa barazani na kubadilika, ziliandikwa kwenye daftari na kuwa kanuni ngumu, na waliohojiwa wakati wa kuandika walikuwa wazee wanaume. Haya ndiyo yanayosahauliwa na wanaosema nyumba salama ni jambo la kigeni. Lililo geni kweli ni ukiwa wa mwanamke asiye na mbumba, asiye na nyumba ya mawe, asiye na kibanja, anayeambiwa avumilie kwa jina la mila ambayo nusu yake ilipangwa ofisini kwa mkuu wa wilaya.

Uhuru ulikuta hali hiyo, na sheria ya 1971 ilikuwa ya kijasiri kwa wakati wake. Ilikataza kipigo, ikazuia mume kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mkewe, na ikaelekeza kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 adhaniwe kufaa kukaa na mama yake mpaka ithibitishwe vingine. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Uamuzi huo unasifiwa kila mahali, lakini Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu, kwa kuwa mume alikuwa amempa shilingi 15,000 za biashara na mahakama ikaona ameshazitumia. Mwaka 1990, huko Mwanza, Jaji Mwalusanya aliamua katika kesi ya Holaria Pastory kwamba mwanamke wa Kihaya aliyerithi ardhi ya ukoo anaweza kuiuza kama mwanamume. Sheria za ardhi za 1999 zikaiandika haki hiyo kwa wanawake wote wa Tanzania Bara. Hivyo, kwa karatasi, tumezunguka tukarudi Lamu.

Kwa matendo bado. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015 hadi 2016, wanawake 40 kati ya kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 walisema wamewahi kupigwa tangu walipotimiza miaka 15, na 58 kati ya 100 walikubali kwamba yapo makosa yanayomstahilisha mke kipigo. Chama cha Wanahabari Wanawake, TAMWA, kilichoanzishwa 1987, kilikuwa miongoni mwa wa kwanza kuyasema haya hadharani. Jarida lake lilibeba jina la Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja aliyeimba madhila ya wanawake enzi za ukoloni. Polisi nao wakaanzisha Dawati la Jinsia na Watoto. Lakini tazama safari ya usiku mmoja. Mwanamke aliyevunjwa mkono mara nyingi hupita kwanza kituoni kuchukua PF3, ile fomu ya polisi ambayo kwa miaka mingi hospitali haikumgusa majeruhi bila hiyo. Anakwenda nayo hospitali, daktari anaijaza, anairudisha kituoni, maelezo yanaandikwa, anaambiwa aje kesho. Ni saa 8 za usiku, mtoto amelala begani. Kila ofisi imefanya kazi yake, na hakuna hata moja iliyomwuliza atalala wapi.

Waliouliza swali hilo mara nyingi walikuwa watu wa kawaida. Mwaka 1990, huko Samburu nchini Kenya, wanawake waliofukuzwa na waume zao, baadhi yao baada ya kubakwa na askari wa Kiingereza, walianzisha kijiji cha Umoja wakiongozwa na Rebecca Lolosoli, wakajilisha kwa kuuza shanga. Mkoani Mara, Rhobi Samwelly alisimamia nyumba salama iliyofunguliwa Mugumu mwaka 2014 kuwapokea wasichana wanaokimbia ukeketaji, ambao hupamba moto likizo za Desemba. Watoto hao huwakimbia baba na mama wenyewe, kwa kuwa binti aliyekeketwa huolewa na ng'ombe huja. Ni hesabu ileile, imewageukia watoto. Na mkoani humohumo Wakurya wana desturi ya kale ya nyumba ntobhu, ambapo mwanamke asiye na mtoto wa kiume humwoa mwanamke mwingine kwa mahari ili apate mrithi. Wapo wanaoingia humo leo kwa sababu moja kubwa: hakuna mwanamume wa kuwapiga. Si kimbilio kamili, kwa kuwa mke mdogo naye amelipiwa. Lakini linaonyesha kwamba hitaji ni letu, na akili ya kulitafutia jibu ni yetu.

Pingamizi la kwanza na zito ni kwamba nyumba salama inavunja ndoa ambazo wazee wangeziokoa. Nalichukua kwa uzito, maana suluhu ni hazina ya jamii zetu na ndoa nyingi zimepona kwayo. Lakini suluhu inahitaji watu wawili wanaoweza kusema hapana. Anayezungumza barazani huku akijua atarudi chini ya paa la aliyempiga anasema atakachoambiwa. Kadhi wa Nawawi alijua hivyo, ndiyo maana alimzuia dhalimu kwanza. Sheria ya Ndoa nayo, ingawa inataka mashauri yapite baraza la usuluhishi kabla ya talaka, imeacha mlango kwa hali zisizo za kawaida. Mwanamke aliyelala salama wiki mbili anafika barazani akiwa na sauti. Akichagua kurudi, amerudi kwa hiari, na ndoa hiyo ina msingi kuliko ya aliyerudishwa.

Pingamizi la pili linatoka upande wa watetezi wenyewe: kwa nini atoke aliyeonewa, aache nyumba, shamba na shule ya watoto, na mwonevu abaki? Hoja hii ni ya haki, nayo ndiyo kiini cha historia niliyoieleza. Kenya, kwa sheria yake ya 2015 ya kinga dhidi ya ukatili wa nyumbani, imeiruhusu mahakama kumpa aliyeumizwa haki ya kukaa peke yake katika nyumba ya familia. Tanzania Bara inahitaji sheria mahsusi ya namna hiyo. Ila amri ya mahakama huchukua siku, na kisu huchukua dakika. Nyumba salama ni ya siku zile za katikati, nayo ina kasoro inapogeuzwa kuwa mwisho wa safari.

Pingamizi la tatu ni fedha. Mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, MTAKUWWA, wa 2017/18 hadi 2021/22, ulitambua huduma hizi, lakini nyumba nyingi zimeendelea kuishi kwa makanisa, mashirika na wafadhili. Historia inatuonya: anayelipa ndiye anayeweka kanuni, na akiondoka huondoka na ufunguo. Uingereza yenyewe haikuishia Chiswick. Mwaka 1977 Bunge lake lilizitaka halmashauri kumhesabu anayekimbia kipigo kuwa mtu asiye na makao na kumtafutia nyumba. Halmashauri zetu hujenga mabweni, zahanati na nyumba za watumishi. Haziwezi kusema nyumba moja ya dharura kwa kila wilaya ni mlima usiopandika.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili yaende pamoja. Serikali iweke nyumba salama katika bajeti ya kila halmashauri, kama inavyoweka maji na barabara. Na kila familia inayomwoza binti imwandikie kitu kwa jina lake, kiwanja, chumba au robo eka ya shamba, kama baba wa Lamu alivyofanya alipoongeza orofa. Nyumba salama itampokea binti usiku mmoja. Hati yenye jina lake itampokea maisha yake yote.